Walinzi wa Kwenye Chupa

Kasuku hakwenda kwenye ule mkutano kutafuta elimu. Alikwenda kwa sababu mlangoni palibandikwa tangazo kwamba baada ya mhadhara kutakuwa na chai na keki, na yeye alikuwa na imani ya siku nyingi kwamba chai ya bure haimwulizi mtu kitambulisho. Akachana nywele, akavaa suti yake moja ya kijivu, akaingia ukumbini kwa mwendo wa mtu aliyecheleweshwa na majukumu mazito, akajichagulia kiti cha nyuma kabisa, jirani na meza ya vikombe.

Jina alilopewa na wazazi lilikwisha sahaulika mjini. Walimwita Kasuku kwa kuwa kitu chochote akikisikia mara moja aliweza kukirudia kesho yake kana kwamba amekivumbua yeye. Alikwisha kuwa wakala wa bima, mpimaji wa viwanja, fundi wa mitambo ya jua na, kwa kipindi kifupi kilichokatizwa na askari, mtaalamu wa macho. Hakusomea hata kimoja. Lakini alijua kusikiliza, na hilo si haba, maana wako waliosomea vyote na hawamsikilizi mtu.

Mbele alisimama Mtafiti, mwanamume mwembamba mwenye miwani inayoteleza puani, akizungumza juu ya bakteria kwa mapenzi ambayo watu wengine huwawekea wajukuu.

"Tumezoea kudhani bakteria wote ni maadui," alisema. "Tunawaonea. Wamo walio wema. Ukiwaweka wema kwenye chakula kingali kibichi na safi, wanashika nafasi. Wanakula kile ambacho wabaya wangekula. Wanatoa asidi, na wengine wanatoa vitu vinavyowaua wabaya kabisa. Yule anayeleta kuharisha akifika, anakuta viti vyote vimekaliwa. Ni kinga ya asili, ndugu zangu, bila dawa za viwandani."

Nusu ya ukumbi ilikuwa imesinzia na nusu nyingine ilikuwa inasubiri keki. Ndipo kwenye safu ya mbele akasimama mwanamke mpana, mwenye kilemba chekundu na sauti iliyozoea kuita wateja barabarani.

"Mwalimu, niulize. Mimi natengeneza soseji. Hao wema wako nikiwapata, soseji yangu itakaa zaidi bila kuharibika? Umeme unakatika kama vile una ugomvi na mimi."

"Inaweza kukaa zaidi, mama, lakini..."

"Wanauzwa wapi?"

"Hawajaanza kuuzwa. Bado tunatafuta aina iliyo na nguvu. Na nisisitize, mama, hawafufui kilichooza, wala hawaondoi haja ya usafi na ya friji..."

Haya ya mwisho Kasuku hakuyasikia, kwa kuwa alikwisha inuka kuwahi keki. Lakini aliyoyasikia yalimtosha. Kuna mama, ana biashara, ana haraka, na kitu anachokitaka hakijaanza kuuzwa. Kwa mtu wa kawaida, kitu kisichokuwepo hakina bei. Kwa Kasuku hicho ndicho chenye faida kuliko vyote, maana hakina gharama ya kukitengeneza.

Kasuku aliishi kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya maziwa. Ndugu wengine walikwisha mfungia milango mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Huyu aliuziwa kiwanja ambacho kumbe ni makaburi, yule alikatiwa bima ya ng'ombe ambaye hakupata kuzaliwa. Shangazi peke yake alibaki. Alimpa chumba cha uani na sharti moja.

"Huko nje sikuwezi," alimwambia. "Serikali itakuona na Mungu atakuona. Lakini ndani ya nyumba yangu usiniletee uongo, na usinichukulie kitu. Siku utakapofanya hivyo, mlango huu nao utakuwa kama ile mingine."

Kasuku aliapa, na jambo la ajabu ni kwamba kiapo hicho alikishika. Alimpenda shangazi yake kweli kweli, na mlango ule aliuogopa kuliko mlango wa jela. Jela, kama alivyosema mwenyewe, mtu hukaribishwa tena.

Shangazi aliuza mtindi. Ulitoka kwenye chungu kimoja cheusi kilichokaa pembeni mwa jiko, kimefunikwa kitambaa safi, chungu ambacho hakikuachwa kikauke hata mara moja. Kila alipouza alibakiza kidogo chini, akamimina maziwa mapya juu yake, na kile kidogo kikayafundisha mapya kuganda. Mbegu ile alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na mama mkwe naye alipewa na wa kwake. Mume alifariki, watoto wakahamia mbali, chungu kikabaki. Asubuhi alikiamkia kabla ya kumwamkia mpwa wake, na ukimjua mpwa wake huwezi kumlaumu.

Sasa, juu ya mtindi uliotulia huwa yanakaa maji ya rangi ya manjano, yenye ukali kidogo. Shangazi aliyachota akawamwagia kuku wa jirani. Kasuku aliyatazama maji yale, akakumbuka neno "asidi", akayaonja. Yalikuwa makali. Mtu mwenye sayansi yake angeyaamini. Kuhusu kiapo, alijihukumu mwenyewe kwa haraka na akajiachia huru: kinachomwagwa si mali ya mtu, na kama kuna aliyeibiwa, basi ni kuku.

Akakusanya chupa tupu za dawa ya kikohozi, akazichemsha, akajaza. Akamwendea mchapishaji wa kadi za harusi, akachapiwa lebo yenye askari aliyesimama wima na ngao: WALINZI HAI. TIKISA KWA ADABU. Kisha kwa kinyozi akaazima koti jeupe, na kesho yake asubuhi akabisha hodi kwenye kiwanda cha Mama Soseji.

Kukiita kiwanda ni kukistahi. Kilikuwa chumba kirefu chenye vigae vyeupe, baadhi vimevunjika, mashine ya kusaga nyama iliyonguruma kama ina kikohozi, sufuria kubwa la maji ya moto, na friji mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikitunza aproni. Soseji zilining'inia kwenye ndoano kuanzia dirishani mpaka mlangoni. Mama Soseji aliinua macho, kisu mkononi.

"Nani kakutuma?"

"Sayansi, mama."

"Sayansi haina miguu. Nani kakutuma?"

"Nilikusikia juzi ukiuliza swali pale ukumbini. Nikasema moyoni, huyu mama ana akili kuliko ukumbi mzima. Yule bwana wa mbele ana nadharia. Mimi nina chupa."

Akaiweka mezani. Mama Soseji akaichukua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Siwaoni."

"Ungewaona wangekuwa walinzi gani? Mlinzi mzuri, mwizi humwona akiwa amekwisha shikwa shingo."

"Wananuka maziwa."

"Wamelelewa kwenye maziwa, mama. Kwani wewe ulilelewa kwenye nini?"

Mama Soseji akacheka, na Kasuku akajua mlango umefunguka. Akamwaga mhadhara wote kama alivyousikia, viti vimekaliwa, wabaya wanakosa pa kukaa, asidi, kinga ya asili. Alipofika mwisho Mama Soseji akasogea karibu, akashusha sauti.

"Na ile nyama ambayo... tuseme imeanza kubadilika harufu kidogo tu?"

"Ya hiyo kuna chupa nyingine," alisema Kasuku bila kupepesa. "Haijafika."

Wakapigana bei mpaka jasho likawatoka, na wakapatana kwa namna ambayo kila mmoja aliagana na mwenzake akimwonea huruma.

Hapa, msomaji, inabidi nikunong'oneze jambo ambalo Kasuku hakulijua. Mama Soseji hakuwa mjinga. Aliliona lile koti, akaona na vipande vya nywele kwenye mfuko wake wa juu, akajua mara moja kwamba daktari huyu ametoka kwa kinyozi. Alinunua kwa sababu bei ilikuwa ndogo kuliko ya friji, na mtu mwenye tamaa hawezi kupita kitu cha rahisi bila kukigusa. Alipaka nusu ya soseji mbichi za siku ile, nusu akaziacha. Umeme, kwa desturi yake, ukakatika. Baada ya siku kadhaa zile ambazo hazikupakwa zilishika utelezi na harufu ya kufukuza watu. Zile zilizopakwa zilikuwa kama zimetengenezwa jana. Mama Soseji akazinusa, akazigeuza, akazinusa tena, kisha akakaa chini, maana hakuwa amezoea tapeli kumletea kitu kizima.

Akaibeba chupa chini ya kanga yake mpaka maabara kwa Mtafiti. Mtafiti akaichunguza kwa hadubini, akadondosha matone yake kwenye visahani alimofuga bakteria wabaya, na alipovitazama tena kila tone lilikuwa limezungukwa na duara tupu, wabaya wote wamekufa. Akavua miwani akaifuta. Haikuwa na uchafu. Macho yake ndiyo yaliyokuwa na machozi.

"Mama, hawa nimewatafuta tangu nianze kazi hii. Umewapata wapi?"

"Kwa tapeli."

"Kwa nani?"

"Tapeli, mwalimu. Kachota mahali asipopajua, kauza asichokijua."

"Basi tumwite, tumweleze ukweli, tumlipe haki yake, tushirikiane," alisema Mtafiti, ambaye alilelewa vizuri.

Mama Soseji alimtazama kwa masikitiko. "Ukimwambia tapeli kwamba mali yake ni ya kweli, atakuuzia kwa bei ya mji mzima. Mwache aamini ni ya uongo. Mtu anayejua amekudanganya hawezi kukubishia ukimwambia umedanganyika. Wewe vaa koti lako la kweli, simama pembeni, nuna. Kuongea niachie mimi."

Kasuku alipofika na chupa nyingine, akipiga mluzi, alimkuta Mama Soseji amekaa juu ya kreti, kilemba kimemwangukia mabegani, analia kwa sauti. Pembeni alisimama Mtafiti na koti lake jeupe, akitoka jasho la mtu asiyejua kusema uongo.

"Umeniua!" alipiga kelele Mama Soseji. "Umenimaliza, muuaji wewe! Hoteli nzima niliyoiuzia soseji wanaharisha! Wengine wamelazwa!"

Mluzi ukakatika. Siku nyingine Kasuku angekuwa na majibu. Angesema mama uliitikisa bila adabu, angesema umechanganya na chumvi mbaya, angemgeuzia kibao mpaka amwombe radhi. Lakini leo ulimi ulikataa. Alijua kilichokuwa ndani ya zile chupa. Maji ya kuku. Akawaona watu wamelala hospitali, wameshika matumbo, na akaona yeye ndiye aliyewalaza. Kasuku alikuwa tapeli, hakuwa mtu mbaya wa kiwango hicho, na habari ile ilimwingia moyoni.

"Mama, sikukusudia. Wallahi sikukusudia."

"Huyu mtaalamu uliyemsikia ukumbini kumbe ni wa serikali," alidanganya Mama Soseji, na Mtafiti akatazama chini. "Anataka kujua mle ndani mna nini. Sema mbele yake."

"Hamna kitu," alisema Kasuku kwa sauti ndogo. "Ni feki. Ni maji ya mtindi tu."

"Umesikia, mwalimu? Kakiri mwenyewe. Sasa nirudishie pesa zangu."

Kasuku akazitoa zote, hata kuzihesabu hakuzihesabu.

"Na chanzo," alisema Mama Soseji huku akijifuta macho. "Sheria inataka chanzo kiteketezwe. Mtindi umetoka wapi?"

"Kwenye chungu."

"Cha nani?"

Hapo Kasuku akaanza kuomba. "Chukueni suti yangu. Chukueni saa, nzuri hii, hata haijaibwa. Nifungeni mimi. Chungu kile ni cha shangazi yangu, mama. Hana kingine. Nikikitoa mle ndani sina tena pa kurudi."

Mtafiti akafungua mdomo. Mama Soseji akamkanyaga mguu.

"Kesho asubuhi, chungu kiwe hapa. Kama hakipo, polisi watakifuata wenyewe, na shangazi yako watamchukua pamoja nacho."

Hilo la mwisho ndilo lililommaliza. Akaitikia, akageuka kuondoka. Alipofika mlangoni Mtafiti akashindwa kujizuia.

"Samahani, ndugu. Ukikileta usikitikisetikise. Kifunge blanketi, kisipigwe jua wala baridi. Na usikizibe sana, wapate hewa."

"Sawa, daktari," alisema Kasuku, na wala hakuona ajabu yoyote.

Alfajiri Shangazi alitoka kufuata maziwa kwa wakamuaji. Kasuku akaingia jikoni, akakiinua chungu kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala, akakifunga kwenye blanketi lake mwenyewe. Kichwani alikuwa na uongo wa kutosha. Chungu kilikuwa na ufa, amekipeleka kwa fundi. Mwizi ameruka ukuta. Watu wa afya wamepita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja ulikuwa uongo mzuri, wa kazi. Akafungua mlango, na Shangazi alikuwa amesimama mbele yake na ndoo ya maziwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Unakipeleka wapi chungu changu?"

Kasuku akaita ule uongo wa kwanza, haukuja. Akaita wa pili. Akakaa kizingitini, chungu mapajani, akalia kama ambavyo hakupata kulia tangu msiba wa baba yake, na akasema yote. Mkutano, keki, chupa, koti la kinyozi, maji ya kuku, wagonjwa, polisi. Hakubakiza kitu. Shangazi alisikiliza akiwa amesimama, ndoo mkononi.

"Kwa hiyo ulinichukulia."

"Nilichukua ya kuku tu, Shangazi."

"Na leo?"

"Leo nimekuchukulia chungu. Nisamehe. Au usinisamehe, lakini wasije wakakukamata wewe."

Shangazi akatua ndoo. Uso wake ulikuwa mgumu, na Kasuku hakuthubutu kuutazama. "Hao wagonjwa, umewaona?"

"Sikuwaona."

"Mimi mtindi huu nimewanywesha watoto, nimewanywesha wagonjwa, nimekunywesha wewe. Nani kaharisha?"

"Hakuna."

"Na blanketi la nini?"

"Mtaalamu kasema kisipate baridi. Wala nisikitikise. Wapate na hewa."

Shangazi akainama mpaka macho yao yakakutana. "Kitu kinachokwenda kuchomwa moto, mwanangu, kinaogopewa baridi?"

Mjanja aliyewauzia watu makaburi alikaa pale kizingitini akitazama blanketi, na taratibu sana, kipande kwa kipande, akaanza kuona jinsi alivyochezewa.

"Wamenila kichwa," alisema.

"Wamekula mpaka mkia. Simama. Beba chungu, twende."

Walipoingia kiwandani Mama Soseji alikuwa tayari amefungua mikono kukipokea chungu. Shangazi alimpita kama hajamwona, akaamuru kiwekwe mezani, akafungua blanketi, akaondoa kitambaa.

"Mimi ndiye mwenyewe," alisema. "Nimesikia chungu changu kimeua watu. Nimeona aibu. Nimekuja kukiteketeza kwa mkono wangu, mbele yenu, niwe na amani." Akachota maji yanayochemka kwenye sufuria la soseji, upawa mzima, unatoa moshi, akauleta juu ya chungu.

"Shangazi!" alisema Kasuku.

"Dada, ngoja kwanza, tuzungumze," alisema Mama Soseji.

"Hakuna cha kuzungumza. Sheria ni sheria." Upawa ukainama.

"Usimwage!" Mtafiti aliruka kutoka pembeni, akaangusha kreti, akakikumbatia chungu kwa mikono miwili, miwani ikadondokea ndani ya mtindi. "Mama nakuomba! Hakuna mgonjwa! Hakuna hata mmoja! Hawa ni bora kuliko wote niliowahi kuwaona maishani mwangu!"

Mama Soseji akafumba macho. Shangazi akarudisha maji kwenye sufuria, akaning'iniza upawa mahali pake.

"Haya," alisema, akivuta kigoda. "Sasa tuzungumze."

Mazungumzo yale Kasuku aliyasimulia baadaye kwa heshima, kama mwanafunzi aliyewaona walimu wakipigana. Mama Soseji alilia, Shangazi akasubiri amalize. Mama Soseji alitishia, Shangazi akaanza kufunga blanketi. Mwisho walipatana. Chungu kitakaa kwa Shangazi, jikoni kwake. Maji yake yatakuja kwa madumu kila wiki, kwa bei atakayoitaja yeye. Mtafiti anakaribishwa kuja kuwachungulia wapenzi wake wakati wowote, ila anawe mikono kwanza.

"Na nyama yako iwe mbichi," aliongeza Shangazi. "Wangu hawatumwi kulinda mizoga."

Mama Soseji akakohoa, akakubali.

"Na mimi je?" aliuliza Kasuku, aliyeona nyuso zimekunjuka. "Fungu langu? Mimi ndiye niliyeleta soko!"

Mama Soseji akamgeukia kwa upole mkubwa. "Wewe, baba, ulikiri mbele ya mtaalamu kwamba ni feki. Mtu anadai fungu la feki?"

Mtafiti, akilamba mtindi kwenye miwani yake, akathibitisha kwamba ndivyo alivyosikia.

Walirudi nyumbani, Kasuku kabeba chungu. Mlangoni Shangazi akampokea chungu, akaingia nacho, kisha akarudi akasimama katikati ya mlango, mkono huku na mkono huku.

"Nilikwambia nini siku ile?"

Kasuku aliutazama mlango ule aliouingia akiwa mtoto asiye na baba, akajua kwamba mara hii hakuna maneno ya kuufungua.

Shangazi akaingia, akakawia ndani, kisha akatoka na kreti. Zilikuwa chupa za Kasuku mwenyewe, zimejazwa upya, zina yule askari na ngao yake. "Hizi sasa ni za kweli. Kauze sokoni. Ukizimaliza, njoo. Lakini uziuze bila kusema uongo hata mmoja. Ukishindwa, tafuta pa kulala."

Kasuku nusura acheke kwa furaha. Yeye, aliyeuza bima ya ng'ombe asiyekuwepo, leo anapewa mali iliyopo! Akaenda sokoni anatembea kama bwana harusi.

Akaanza na muuza samaki. "Hawa ni bakteria wema," alisema. "Wanazuia wabaya."

"Nikimpaka samaki aliyelala tangu juzi?"

"Haisaidii. Mtaalamu kasema haifufui kilichooza."

"Nitaacha kununua barafu?"

"Hapana, barafu utanunua vilevile. Na usafi uleule."

"Sasa inafanya nini?"

"Inasaidia... kiasi. Kwa soseji imethibitika. Kwa samaki bado wanachunguza."

Muuza samaki akaita wenzake waje wasikie. Muuza kuku akaja, muuza jibini akaja, wakamzunguka. Kasuku akaapa. Wakacheka. Akafungua chupa akanywa mbele yao. "Mnaona?" alisema muuza kuku. "Anakunywa! Basi ni maji." Kila ukweli aliousema uliwachekesha zaidi ya uliotangulia, na wapo walioita watoto wao waje wamwone Kasuku akijifanya mtu mwaminifu. Jua likapanda, likaanza kushuka. Kreti ilikuwa imejaa vilevile.

Alikaa juu ya jiwe, kola imefunguka, hana nguvu. Muuza jibini akapita tena.

"Kasuku, mbona umenyamaza? Hebu niambie, kuna nini mle ndani?"

Na Kasuku, kwa uchovu, kwa hasira, kwa kuuchoka ukweli ambao hakuna anayeutaka, akajibu, "Hamna kitu. Feki. Usinunue."

Muuza jibini akasimama. Akatazama kushoto na kulia, akainama. "Unamwekea nani?"

"Simwekei mtu. Nimekwambia feki, nenda zako."

"Mama Soseji ananunua madumu, nimesikia. Mnataka kula wenyewe, sisi mnatufukuza. Nipe mbili. Nipe nne."

"Mama, usinunue!"

"Sita!" alisema muuza samaki, aliyekuwa amesikia, akiwa tayari anakimbia.

Kreti ikawa tupu kabla Kasuku hajainuka kwenye jiwe.

Jioni mwanga wa taa ulionekana chini ya mlango wa Shangazi. Kasuku akabisha. Shangazi akafungua kidogo, kiasi cha uso.

"Umeuza?"

"Zote, Shangazi."

"Bila uongo?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwake, neno moja tu, jepesi, na lingemwingiza ndani. Kasuku akalimeza.

"Hapana," alisema. "Nilisema mmoja."

Uso wa Shangazi ukakunjamana. "Upi?"

"Niliwaambia ni feki."

Shangazi akamtazama. Kicheko kilimwanzia mabegani, kikashuka tumboni, kikamfanya ashike fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, na alicheka mpaka jirani wa kuku akauliza ng'ambo ya ukuta kuna nini huko. Alipokwisha kujifuta machozi kwa upindo wa kanga, akasogea pembeni.

"Ingia," alisema. "Chakula kinapoa."